Siku Mbili za Bukoba

Mama Karima alianguka Ijumaa saa kumi alasiri, akitwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba yao ya Kabondo. Hakupiga kelele. Mchi ulimponyoka, akakaa chini polepole kama mtu aliyechoka, kisha akalala ubavu. Mjukuu wake Amani, msichana wa miaka tisa, alidhani bibi anamtania. Alipoona mdomo umekwenda upande na mate yanatoka, alikimbia kwa jirani, Mama Ursule, naye Mama Ursule akamtuma mwendesha toleka apige baiskeli yake mbio hadi soko kuu, akamwite Mahmoudi, baba yake Amani.

Mahmoudi alikuwa fundi wa vyerehani. Aliacha mashine ya mteja ikiwa wazi juu ya meza, skrubu zimetawanyika, akapanda nyuma ya baiskeli ile ile. Alipofika alimkuta mama mkwe wake amelala chini, Mama Ursule amemwekea kitenge chini ya kichwa. Akasimama.

"Papa Amani, unangoja nini?" Mama Ursule aliuliza. "Mubebe. Motokari iko barabarani."

"Iko mama mukwe wangu."

"Leo iko mugonjwa. Mubebe."

Miaka kumi na mmoja tangu aoe, Mahmoudi hakuwahi kumpa mkono mama huyu. Walisalimiana kwa mbali, yeye ameinama, macho chini, kama alivyofunzwa na baba yake. Hata baada ya mama kufiwa na mumewe na kuhamia kwao, kila mmoja alijua saa ya kupita uani ili asimkute mwenzake. Sasa alipiga magoti, akaingiza mikono chini ya mwili ule, akauinua. Ulikuwa mwepesi kuliko alivyofikiri, na kitenge kilikuwa kimelowa. Unyevu ule ukapenya shati lake mpaka tumboni. Mama Karima, ambaye jicho lake moja lilikuwa bado linaona kila kitu, aligeuza uso pembeni.

Mwenye kujua la kufanya katika nyumba ile alikuwa Mwanahamisi, mke wa Mahmoudi na binti wa mgonjwa, lakini Mwanahamisi hakuwepo. Alikuwa mkunga, na wiki tatu zilizopita yeye na wakunga wengine wanne wa Kisangani walisafiri hadi Bukoba, Tanzania, kwa mpango wa kubadilishana ujuzi: wiki sita Wakongo wakae kule, mwakani wakunga wa kule waje huku. Jumamosi na Jumapili hiyo zilikuwa siku zao za mapumziko, mbili tu katika safari nzima. Jumatatu Mwanahamisi angesimama mbele ya madaktari wa huko awaonyeshe jinsi wakunga wa Kisangani wanavyozuia damu ya mzazi pale ambapo hakuna umeme wala gari. Alikuwa amelifanyia mazoezi somo lile jikoni, mwezi mzima, kwa mto wa kulalia na kanga.

*

Hospitalini muuguzi wa zamu aliandika bila kuinua kichwa.

"Iko na miaka ngapi?"

"Sitini na kitu."

"Na kitu gani?"

Mahmoudi hakujua.

"Anakunywa dawa gani ya pression?"

"Vidonge. Vyeupe."

"Papa, dawa zote ziko nyeupe. Nani anajua?"

"Bibi yangu njo anajua. Iko kwa mission, Tanzania. Anaitwa Mwanahamisi, iko mukunga."

Muuguzi akainua kichwa. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. "Wewe bwana ya Mwanahamisi? Mimi Chantal. Tulisoma naye, benchi moja." Alimtazama mgonjwa upya, sasa kama mtu wake. "Umemuita?"

"Bado."

"Mbona bado?"

Daktari akaingia. Daktari alikuwa kijana mwenye haraka. Alimulika macho ya Mama Karima kwa tochi ya simu, akamkuna nyayo kwa kalamu, akasema mshipa umepasuka ndani ya kichwa, upande wa kushoto. Mkono na mguu wa kulia vimekufa, na ulimi pia.

"Atapona?" Mahmoudi aliuliza.

"Siku mbili hizi njo mbaya. Damu inaweza kurudi. Akifika Jumatatu, tutaanza kutumaini. Mbele ya Jumatatu siahidi kitu."

Mahmoudi akalishika neno hilo, Jumatatu, kama mtu anayeteleza anavyoshika mzizi. Jumatatu mama atakuwa amepata nafuu, Mwanahamisi atakuwa amemaliza kazi yake, na habari itaweza kusemwa kwa mpangilio: mama aliugua, sasa anaendelea vizuri. Alimpigia Yakubu, kaka wa Mwanahamisi, aliyekuwa Bafwasende kwenye biashara ya dhahabu. Yakubu alisema anatoka alfajiri kwa pikipiki, ila mvua imeharibu barabara, asingojwe kabla ya Jumapili. Kwa Bukoba Mahmoudi hakupiga.

Alikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuwa na kidonda chake. Wiki ya pili ya safari Amani alishikwa na homa. Mahmoudi akampigia mkewe mara sita kwa siku moja, mpaka Mwanahamisi akaanza kufunga mizigo. Kesho yake mtoto alikuwa anaruka kamba. Mwanahamisi alimsikiliza akieleza, kisha akamwambia taratibu, bila kugomba: "Papa Amani, kila mara nikitoka mulango munagonjwa. Ukiniita tena kwa kitu kama hii, nitajua tu hautaki nifike pahali." Maneno hayo yalimkaa. Alikuwa akiyasikia hata anapotia mafuta mashine za watu.

*

Jumamosi asubuhi alikwenda kufua vitenge vya mgonjwa kwenye bomba la uani. Wanawake waliokuwa pale, kila mmoja na beseni lake, walinyamaza alipochuchumaa. Mmoja alimwuliza kwa sauti ya upole, upole uliokuwa mbaya kuliko kicheko: "Papa, hauna dada? Hauna mutoto mukubwa?" Alijibu kwamba wako njiani. Mama Ursule alikuwa nyumbani na Amani. Angekuja saa sita. Mahmoudi alisugua madoa huku amegeuza uso, na mikono yake iliyozoea sindano na magurudumu madogo haikujua namna ya kukamua nguo nzito.

Simu ikalia mfukoni. Ilikuwa picha. Mwanahamisi amekaa kwenye kiti cha plastiki ufukweni mwa ziwa, suruali imekunjwa hadi magotini, miguu ndani ya maji. Kitambaa cha kichwa kimeteleza kidogo. Alikuwa anacheka, na Mahmoudi akagundua kwamba ameanza kusahau meno ya mkewe yalivyo anapocheka. Chini ya picha aliandika: *Nimeamka saa mbili. Hakuna mtu amenigongea mlango.*

Chantal alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika faili.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Nipe namba nimuambie mimi. Mutu wa kazi anamuambia mutu wa kazi. Haitakuwa mubaya sana."

"Hapana, mama. Tafadhali. Hadi Jumatatu."

"Papa Amani." Chantal alivua miwani. "Mama yako iko na siku mbili mu mikono ya Mungu. Kama iko mama yangu, mimi ningetaka kujua."

"Akijua atafanya nini? Ndege ya kurudi ni siku tatu, kupitia Kinshasa. Atalia tu kule, kati ya watu wasiomjua. Ataharibu kazi yake, na hatafika."

"Kulia pia iko kazi," Chantal alisema. Alingoja kidogo. Mahmoudi alipoendelea kukamua kitenge, akarudi ndani.

*

Saa tano Mwanahamisi alipiga simu ya video. Mahmoudi alikuwa ameketi kando ya kitanda, akimpa Mama Karima maji kwa kijiko, matone mawili matatu, mengine yakirudi shingoni. Simu ilikuwa juu ya shuka. Jina likaonekana kwenye kioo, na Mama Karima aliyekuwa chuo cha msikiti miaka ishirini akifundisha wasichana kusoma, akalisoma. Mkono wake wa kushoto ukatoka chini ya shuka, ukashika shati la mkwe wake.

Angeweza kutoka nje. Alinyanyuka nusu. Lakini vile vidole havikuachia, naye hakuthubutu kuvibandua. Akakataa picha, akapokea sauti tu, na kwa kuwa hakutaka kumnyima mgonjwa, akaweka simu katikati yao, sauti ikisikika.

"Papa Amani, unasikia hii kelele? Ni maji," Mwanahamisi alisema. "Reseau ya simu iko mubaya kwako? Sikuoni."

"Iko mubaya. Lakini nasikia."

"Nimekaa tu. Hakuna mwanamuke anazaa, hakuna mutu anasema sista, sista, njoo. Nilikuwa nimesahau kama mutu anaweza kukaa tu. Wenzangu wameenda kuogelea. Mimi naogopa, naweka miguu peke yake." Akacheka. "Hapa nikisema 'iko' wanacheka. Wananiuliza, iko nini? Mama angekuwa hapa angewanyamazisha na Kiswahili yake ya chuoni."

Upande mmoja wa mdomo wa Mama Karima ulisogea.

"Nipe mama kidogo."

Mahmoudi alitazama ukutani, palipoandikwa kwa mkaa namba ya kitanda. "Ameenda Lubunga. Harusini. Simu ameiacha nyumbani."

"Amevuka mto na ile pression yake? Amekunywa dawa?"

"Amekunywa."

"Ile ya asubuhi na ile ya jioni?"

"Zote."

"Bon. Umwambie mama nimekula panzi. Wanawaita senene, wanawakaanga kama viwavi wetu, mbinzo. Umwambie ni tamu kuliko mbinzo, atakataa, najua. Umwambie nitamuletea mfuko muzima, tuone nani anasema kweli."

Machozi yalikuwa yanatoka jicho moja la Mama Karima, lile zima, yakiingia sikioni. Alifungua mdomo. "Mwa," alisema. Sauti ilikuwa nzito, ya ndani, haikufanana na sauti ya mwanamke.

"Ni nani huyo?" Mwanahamisi aliuliza.

Mahmoudi aliinua simu, akaibana kifuani, kisha akaisogeza mdomoni.

"Mteja," alisema.

"Hata Jumamosi. Haya, umuhudumie mteja wako. Umubusu Amani."

Alipokata, chumba kilikuwa na vitanda sita na kelele za kila kitanda, lakini Mahmoudi hakusikia kitu. Mama Karima alikuwa bado ameshika shati. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Mahmoudi alimtazama mama mkwe wake usoni, macho kwa macho.

"Mama, unisamehe," alisema. "Nimwambie? Ama nimwache apumzike?"

"Mwa," mama alisema. Alivuta pumzi, uso mzima ukajikunja upande mmoja kwa juhudi. "Mwa. Mwa."

Kisha vidole vikalegea, akafumba macho.

Mahmoudi alikaa pale akiyageuza kichwani. Alikuwa ameuliza vibaya. Mwambie, mwache, maneno yote mawili yalianzia mlango mmoja, na mgonjwa alikuwa ameishia mlangoni. Angemwomba abane kidole mara moja kwa ndiyo na mara mbili kwa hapana, kama Chantal alivyomweleza baadaye wanavyofanya na watu wa ugonjwa ule, angejua. Akajiambia atamwuliza tena akiamka.

Mama Ursule alifika saa sita na lituma ya ndizi za kuponda na supu ya samaki. Akauliza kama wamempata mama Amani.

"Mama amesema nimwache," Mahmoudi alijibu.

Saa tisa Yakubu alipiga kutoka njiani, pikipiki imekwama kwenye tope, akauliza swali hilohilo. "Mama mwenyewe amekataa," Mahmoudi alisema. "Amesema, mwache apumzike." Alisikia neno lilivyokua kinywani mwake kutoka asubuhi hadi alasiri, lakini lilikuwa limekwisha toka, na lilimpa nafuu.

Mama Karima hakuamka tena jioni ile. Alipumua kwa nguvu usiku kucha, na Jumapili saa nne asubuhi, Mama Ursule akiwa anampangusa uso, akaacha kupumua.

*

Yakubu aliingia nyumbani Kabondo saa saba mchana, tope limemkauka mpaka kwenye nyusi. Mwili ulikuwa umekwisha kuletwa, wanawake wa msikitini wanauosha chumbani. Watu wamejaa uani. Alisimama kwenye mlango wa chumba ambacho hakuruhusiwa kuingia, akaweka paji la uso ukutani. Alipogeuka alimtafuta Mahmoudi kwa macho.

"Dada anajua?"

"Bado. Nilikuwa natafuta pahali..."

"Mama amekufa saa nne. Sasa iko saa saba."

"Nilitaka kwanza wewe ufike."

"Bokilo," Yakubu alimwambia shemeji yake kwa sauti ya chini, na watu waliokuwa karibu wakasogea mbali kwa adabu, si mbali sana, "unamuficha kwa faida ya nani?" Akatoa simu yake. Mahmoudi akamshika mkono.

"Mimi nitasema. Niachie hii moja."

Walikwenda wote wawili nyuma ya nyumba. Kinu kilikuwa bado pale, majani yaliyotwangwa nusu yamekuwa meusi. Mahmoudi akapiga. Mwanahamisi alipokea upesi, nyuma yake kukiwa na sauti za watu wengi na sahani.

"Tuko mezani," alisema. "Samaki mukubwa kama mutoto. Nikupigie baadaye?"

"Mama Amani. Ondoka hapo, kaa pahali peke yako."

Sauti za sahani zikaanza kwenda mbali. Mkunga anajua kwa nini mtu huambiwa akae.

"Ni Amani?"

"Hapana. Ni mama. Mungu amemchukua leo saa nne."

Mahmoudi aliitazama simu kuona kama haijakatika.

"Alianguka lini?"

"Ijumaa."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Ijumaa saa kumi," Mwanahamisi alirudia, kama anaandika kwenye kadi ya mgonjwa. "Jana nilikupigia."

"Ndiyo."

"Ulisema Lubunga."

"Ndiyo."

"Alikuwa wapi?"

"Hospitali. Mimi nilikuwa karibu yake. Alikuwa anakusikia, mama Amani. Sauti ilikuwa wazi, alisikia yote."

Akasikia pumzi ikivutwa kwa meno. Kisha Mwanahamisi akasema, "Yule mteja."

Yakubu, aliyekuwa akisikiliza, alimtazama Mahmoudi bila kuelewa.

"Nipe kaka yangu," Mwanahamisi alisema.

Yakubu aliichukua simu, akaenda nayo mbali. Alimwambia dada yake alichoweza: kwamba watazika alasiri, kwamba amevikwa sanda nzuri, kwamba mama alikataa aitwe. Mahmoudi alisikia maneno hayo ya mwisho, "mwache apumzike", yakisemwa kwa kinywa cha mtu mwingine, kwa hakika ya mtu aliyeamini.

*

Jumatatu Mwanahamisi alisimama mbele ya madaktari wa Bukoba, akafundisha somo lake. Habari hiyo Mahmoudi aliipata kwa Chantal, aliyeipata kwa mmoja wa wale wakunga wengine. Walisema hakutetemeka, isipokuwa mwisho, alipoulizwa swali dogo, aliomba radhi akatoka nje, akakaa huko nusu saa. Walimpa nafasi ya kurudi mapema. Akauliza mazishi yamekwisha? Wakasema yamekwisha. Akasema basi atamaliza wiki zake.

Kwa Mahmoudi hakupiga. Alipiga kwa Mama Ursule, kila jioni baada ya magharibi, akaongea na mtoto. Simu ikilia upande wa pili wa ukuta, Amani aliacha chakula chake akakimbia, na Mahmoudi akabaki na sahani mbili. Kuta za nyumba zile ni nyembamba. Alisikia kicheko cha mtoto, alisikia mtoto akisema "ndiyo mama", na mara moja alisikia sauti ya mkewe yenyewe, ndogo kama ya nzi ndani ya chupa. Siku ya kumi alijikuta amesogeza kiti karibu na ukuta. Aliona haya, akakirudisha.

Wateja walimpa pole, wakamsifu. Habari ilikuwa imeenea kwamba mkwe alimbeba mama mkwe wake, akamfulia kama mwana wa tumbo lake, na akatimiza neno lake la mwisho. Mzee mmoja wa msikitini alimshika mkono mbele za watu na kusema wakwe wa namna hiyo wamekwisha duniani. Mahmoudi alirudi kwenye mashine yake, akafunga skrubu moja mara tatu.

*

Mwanahamisi alirudi siku ya Alhamisi. Uwanja wa ndege wa Bangoka ulikuwa na jua kali. Alikuwa amekonda, na alivaa nguo nyeupe ya msiba aliyoishona huko huko. Alimpa Mahmoudi mkono kama anavyopewa mkono mtu wa ofisini. Mahmoudi alikuwa amekodi gari badala ya pikipiki mbili. Walipofika njia panda, dereva akakata kuelekea Kabondo, Mwanahamisi akamgusa bega.

"Kwanza hospitali," alisema.

"Mutoto anangoja," Mahmoudi alisema.

"Najua."

Chantal alikuwa zamu. Alimkumbatia rafiki yake, akawapisha. Kwenye kitanda cha namba nne, kilichokuwa cha mama, sasa alilala mwanamke mwingine, kijana, mguu umefungwa ubao, amesinzia. Mwanahamisi alisimama miguuni mwa kitanda.

"Ulikaa wapi?"

"Hapa."

"Simu?"

"Hapa, juu ya shuka."

"Yeye alilala namna gani? Uso huku ama huku?"

"Huku."

Alivipima vyote kwa macho, kama anayepima umbali kati ya kitanda na meza ya dawa. Kisha akamgeukia. Kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye ndege alimtazama usoni.

"Sasa niambie alivyosema. Si vile ulimwambia Yakubu. Vile alisema."

Mahmoudi alikuwa amejiandaa kwa swali hilo wiki tatu, na kila usiku alikuwa amejibu tofauti.

"Alisema 'Mwa'," alijibu. "Mara ya kwanza wakati wewe unaongea. Halafu nilimuuliza, nimwambie ama nimwache. Akasema 'Mwa' tena, mara tatu. Hakumaliza. Mengine niliongeza mimi."

Mgonjwa wa kitandani alijigeuza usingizini.

"Nimewaza, labda alikuwa anaita jina lako," Mahmoudi alisema.

"Mama hakuniita Mwanahamisi hata siku moja. Aliniita Hami. Unajua hiyo."

"Najua."

"Donc inabaki mawili."

"Inabaki mawili."

"Na wewe ukachagua."

"Nilichagua. Nilisema ni kwa ajili yako, upumzike. Lakini niliogopa pia. Ulisema nikikuita tena..."

"Najua nilichosema. Nimekaa nacho wiki tatu ukingoni mwa lile ziwa." Sauti yake haikupanda. "Hiyo yangu nitaibeba. Mama yangu alinisikia mara ya mwisho nikiongea panzi, na nitaibeba. Lakini ile nusu ya neno, papa Amani, usiniletee niimalize. Watu wote wa Kabondo wanakusifu kwa neno lake. Mimi sitasema alisema mwache, upate kulala. Na sitasema alisema mwambie, upate kuomba msamaha mara moja tukamaliza. Sijui alitaka nini. Hata wewe hujui. Hiyo iko yako."

"Nitawaambia watu ukweli."

"Anza na Yakubu."

Alisema hivyo kama anatoa maagizo ya dawa. Halafu aliona shuka la yule mwanamke kijana limeteleza, paja liko wazi mbele ya Mahmoudi na ya wapitao. Aliinama, akalivuta, akalichomeka chini ya godoro pande zote mbili, kwa mikono ya mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote. Mwanamke akafumbua macho, akamwona mtu asiyemjua aliyevaa nyeupe.

"Sista," alisema, "maji."

Mwanahamisi alimimina maji kutoka kwenye chupa iliyokuwa kando, akamwinua kichwa, akamnywesha mpaka akashiba. Alipomaliza alimpa Mahmoudi chupa tupu.

"Kaijaze," alisema. "Bomba unalijua."

Mahmoudi akatoka uani na ile chupa. Wanawake wa siku hiyo walikuwa wengine, nao walinyamaza alipochuchumaa.